Kalvati limebebwa na maji, kila kiongozi anatusukumia kwa mwenzake. Huu ni uwakilishi wa namna gani?

Wakuu, habari za muda huu. Nina hasira na sitazificha.

Kijijini kwetu kalvati lilibebwa na maji wakati wa masika. Barabara ndiyo hiyo hiyo ya kwenda zahanati, sekondari ya kata na mnadani. Vijana wakatupia magogo mawili juu ya shimo. Bodaboda akifika pale abiria anashuka, pikipiki inashikwa na watu wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, inasogezwa taratibu juu ya gogo. Abiria anavua viatu anapita kwenye tope. Mjamzito anashuka. Mzee wa presha anashuka. Mtoto mwenye degedege anapokezanwa mkono kwa mkono kama mzigo. Hiyo ndiyo njia yetu ya kwenda hospitali, na masika mengine yanakuja.

Tukaanza kwa mwenyekiti wa kijiji. Akaitisha mkutano, tukajadili, muhtasari ukaandikwa, ukapelekwa kata. Mpaka hapo sina ugomvi naye. Kule kata, diwani akatuambia siku hizi barabara si za halmashauri, kwa hiyo yeye hana la kufanya zaidi ya "kulisemea."

Kinachoniuma ni kwamba nusu ya maneno yake ni kweli. Tangu 2017 barabara za wilaya zilitolewa kwenye halmashauri zikapelekwa TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Kwa upande wa ufundi nakubali ilikuwa na mantiki, maana wahandisi wamekaa pamoja na fedha za barabara hazichanganywi na posho za vikao. Lakini diwani tunayemchagua sisi akabaki na jina tu kwenye jambo ambalo wananchi wanamuuliza kuliko jingine lolote. Akisimama kwenye kampeni anaahidi barabara. Akishapita anakuambia barabara si zake. Sheria hiyo aliijua wakati anaomba kura! Na hakuna kinachomzuia kuibana hoja kwenye baraza la madiwani, kikao hadi kikao, mpaka kijulikane kalvati lipo kwenye mpango wa mwaka gani. "Kulisemea" ndiyo kazi yenyewe, halafu anaitaja kama msaada anaotufanyia.

Mbunge naye alilisemea. Aliuliza swali bungeni, akajibiwa kwamba Serikali itaendelea kujenga kadri fedha zitakavyopatikana. Jibu hilo kila mtu humu anaweza kulikariri akiwa usingizini. Kipande cha video kikarushwa kwenye grupu la WhatsApp la kata, watu wakapiga makofi ya emoji, "jembe letu," "mama lao." Siku hiyo hiyo kuna mwanafunzi aliteleza pale kwenye magogo akapoteza madaftari yote majini. Swali limeulizwa, jibu limetoka, basi suala limefungwa kana kwamba kuuliza ndiko kujenga.

Kumbukeni mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani. Anaingia vikao viwili, cha Dodoma na cha wilayani. Na kuna Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, wa sheria ya 2009, ambao kamati yake anaiongoza yeye mwenyewe. Najua fedha zake si nyingi na siwezi kudai zijenge daraja kubwa. Lakini kalvati! Mabomba ya zege, mawe, saruji, na nguvu za watu tunazo, msaragambo hatujawahi kuukataa. Tulipouliza mwaka huu mfuko umekwenda wapi tukaambiwa tumuulize mkurugenzi. Mkurugenzi hatukumchagua sisi, ni mteule wa Rais. Mkuu wa wilaya vile vile. Kwa hiyo ukiufuata mnyororo huu hadi mwisho unajikuta mbele ya mtu ambaye kura yako haimgusi.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo hasira yangu ilipo hasa.

Kisheria, mkutano mkuu wa kijiji unaweza kumwondoa mwenyekiti wa kijiji na wajumbe wa halmashauri ya kijiji. Tunaweza kumtoa yule asiye na bajeti, asiye na gari, anayeandika muhtasari kwenye daftari alilonunua mwenyewe. Mbunge hatuwezi kumtoa hadi miaka mitano iishe. Lakini chama chake kikimvua uanachama leo, kesho ubunge hana, Katiba ndivyo inavyosema. Diwani hali ni hiyo hiyo. Niambieni, mtu wa namna hiyo usiku akilala anamuwaza nani? Anatuwaza sisi wa kwenye magogo, au wale wenye kalamu ya kumfuta?

Rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba ya 2013 ilikuwa na kipengele cha wananchi kumwondoa mbunge wao kabla ya muda kwisha. Watu walikaa, wakatoa maoni, tume ikazunguka nchi nzima. Tuko hapa hapa. Wanaosema madai ya katiba ni mambo ya wanasiasa wa mjini waje wavuke kwenye gogo letu.

Na Katiba hii hii ya 1977 tuliyonayo, ibara ya 146, inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Madaraka gani? Mkutano wa kijiji unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu na mapato na matumizi yasomwe. Kwetu karatasi ya mapato na matumizi iliyopo kwenye ubao wa ofisi ya kijiji imepigwa jua mpaka wino umefutika, linalosomeka ni muhuri tu. Ukiuliza unaitwa mchochezi. Ukinyamaza unaambiwa wananchi wa hapa hawana mwamko.

Najua kuna atakayekuja kuandika "si mlimchagua wenyewe." Ndugu yangu, Novemba 2024 kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wengi tulikuta kwenye karatasi jina moja, unaweka ndiyo au hapana. Wengine waliotaka kugombea fomu zao zilikatwa kwa makosa ya kujaza. Na hata pale palipokuwa na ushindani, nani kakuambia kupiga kura ni kusaini mkataba wa kukaa kimya miaka mitano? Hoja hiyo inatumiwa na watu wasiotumia barabara yetu.

Wengine watasema tujichange tujenge wenyewe. Tumejichanga kwa madarasa, tumejichanga kwa choo cha shule, mawe ya zahanati tumesomba kwa vichwa. Kalvati kwenye barabara ya Serikali haliwekwi bila mhandisi, likikatika mara ya pili likaua mtu tutashtakiwa sisi. Kwenye mafuta tunakatwa tozo ya barabara kila lita, mwenye bodaboda anailipa na abiria anairudisha kwenye nauli. Huo mchango tayari tumeshatoa.

Ninachotaka ni vitu vinavyowezekana mwezi huu. Diwani atuletee kwa maandishi kalvati lipo kwenye mpango au halipo. Mbunge abandike orodha ya miradi ya mfuko wa jimbo kwenye ofisi ya kila kata, na kiasi kilichokwenda kila mradi. Mwenyekiti aitishe mkutano wa robo mwaka na karatasi mpya ibandikwe.

Kikao kijacho cha baraza la madiwani tunakwenda kukaa kwenye viti vya wasikilizaji, tuone kama jina la kijiji chetu litatajwa. Kama kuna mwenye uzoefu wa kuomba nakala ya mpango wa matengenezo ya barabara wa wilaya, aweke hapa utaratibu: barua inaandikwa kwa nani, nakala inakwenda kwa nani, na wakikaa kimya unapanda ofisi ipi. Matusi na vyama wekeni pembeni, nahitaji hilo tu.