Nimempokea shemeji kutoka ng'ambo ya Ruvuma: je, nimekuwa mhalifu?

Wanajukwaa, naombeni ushauri wenu mapema. Ninaishi katika kijiji kimoja cha bonde la Ruvuma, mkoani Mtwara. Usiku wa Jumamosi mdogo wa mke wangu alivuka kwa mtumbwi akitokea Cabo Delgado, Msumbiji, na watoto wawili, akikimbia mapigano, bila pasi wala kibali. Alichobeba ni cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kilichoandikwa kwa Kireno, alichokikunja ndani ya kopo la maziwa ya unga kisilowe. Leo ni Alhamisi. Kiongozi mmoja wa hapa ameniambia kwamba ninahifadhi wahamiaji haramu na kwamba nitatangulia mimi kufungwa, kisha akaongeza kuwa jambo hilo linazungumzika. Mnajua maana yake. Nifanye nini?

Mzee wa Newala: Mwanangu, pole sana. Wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, kuanzia mwaka 1964, nyumba zetu zililaza watu wa ng'ambo na hakuna aliyemwita mwenye nyumba mhalifu, kwa kuwa Kimakonde ni kilekile na makaburi ya babu zetu yapo pande zote mbili. Usimpe huyo hata shilingi, maana ukishampa atakuwa na ushahidi kwamba ulijiona mkosaji.

Msaidizi wa Sheria: Ndugu, hatari ipo: Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54, inamgusa pia anayemhifadhi mtu huku akijua kwamba ameingia nchini isivyo halali. Hata hivyo, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka anayeomba hifadhi ajitokeze ndani ya siku 7 tangu alipoingia, na mtendaji wa kijiji ni mmoja wa wanaoruhusiwa kumpokea. Shemeji yako bado yumo ndani ya muda huo. Nendeni kesho, usisubiri Jumatatu.

Binti Ruvuma: Kaka, mimi nina wasiwasi. Baada ya shambulio la mji wa Palma, huko Cabo Delgado, la Machi 2021, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilieleza kwamba maelfu ya waliokimbilia kwetu walirudishwa Msumbiji kupitia kivuko cha mpakani cha Negomano. Ninaelewa kwamba tangu kijiji cha Kitaya, hapa Mtwara, kivamiwe na wapiganaji kutoka Msumbiji Oktoba 2020 maofisa wanamwogopa kila anayevuka, lakini mama mwenye kichanga mgongoni si mvamizi.

Msaidizi wa Sheria: Hoja yako ni nzito, dada, na ndiyo sababu asiende peke yake. Atamke waziwazi kwamba anaomba hifadhi na aeleze alichokimbia, kwa kuwa Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha yake yatakuwa hatarini. Maelezo yaandikwe na tarehe ya kuingia itajwe. Nakala ibaki kwako.

Mwanzisha uzi: Ahsanteni. Mzee, shikamoo. Mke wangu amekwisha kukitoa cheti kwenye kopo na kukinyoosha chini ya Msahafu. Saa mbili asubuhi tutakuwa mlangoni kwa mtendaji, sote watano.