Chuma kimezidi katika majani ya mahindi: ni mmea au ni udongo?

Mwanafunzi, Kisumu
Habari zenu. Nimekusanya majani ya mahindi katika mashamba ya Vihiga na Kakamega, yaani jani lililo chini ya hindi, lichumwalo ndevu zinapochomoza, ili yapimwe chuma, zinki na potasiamu. Sampuli moja imeonyesha chuma zaidi ya miligramu 600 kwa kilo, ilhali nyingine ya shamba lilo hilo haifiki 150. Majani hayakuoshwa, kwa kuwa msimamizi wangu anahofia kwamba maji yatachukua potasiamu. Je, niyaoshe yaliyosalia, ambayo yamekwisha kukauka?

Fundi wa maabara, Nakuru
Usiyaoshe makavu, ndugu yangu. Hapo msimamizi wako yu sahihi kabisa, maana jani likishakauka potasiamu yake huvuja upesi sana. Jani bichi ndilo huoshwa, siku ile ile lilipochumwa: hupitishwa katika maji yenye sabuni kidogo isiyo na fosfeti, kisha husuuzwa mara moja kwa maji yaliyotakaswa ya maabara, kwa sekunde chache tu bila kuloweka.

Kuhusu chuma, piga hesabu hii. Udongo mwekundu wenye chuma asilimia 5 una miligramu 50,000 kwa kilo, kwa hiyo gramu moja ya vumbi lililonata kwenye gramu 100 za majani makavu huongeza takriban miligramu 500 kwa kila kilo ya majani. Vumbi la barabara ya murramu pekee linatosha kuleta tofauti uliyoiona. Potasiamu haitikiswi na vumbi kwa kiasi hicho, kwa sababu katika jani imejaa tele.

Mtafiti wa mazao, Bungoma
Naafiki, ila vumbi si mshukiwa wa pekee. Je, majani yalianikwa wapi kabla ya kuingia katika oveni? Huku kwetu watu huanika kila kitu juu ya mabati, na mabati hupakwa zinki. Basi tarakimu zako za zinki nazo zichunguzwe. Chekecheo la shaba nyeupe huongeza shaba na zinki, na kinu chenye visu vya chuma kilicholika huongeza chuma. Mashamba yaliyonyunyiziwa mankozebu, dawa ya kuua kuvu, yaandikwe kando, kwani dawa hiyo ina manganisi na zinki ndani yake.

Mwanafunzi, Kisumu
Nashukuru. Yalikaushwa katika mifuko ya kaki, nyuzi 65 kwa saa 48, bila kugusa mabati. Je, kuna njia ya kuthibitisha kwamba ni udongo?

Fundi wa maabara, Nakuru
Ipo: pima titani. Mmea huifyonza kwa kiasi kidogo mno, na udongo unayo kwa wingi, hivyo titani ikipanda pamoja na chuma, jibu umelipata. Lakini asidi ya nitriki haiyeyushi vizuri titani ya udongo. Ni afadhali unga mkavu upimwe kwa mashine ya miali ya eksirei, kama mnaweza kuipata. Majibu ya potasiamu yatumie, ya chuma yaweke kando, na kwa ajili ya kupima chuma, kachume majani mapya msimu ujao, uyaoshe yangali mabichi.