Malaika: ya Fadhili William au ya Makeba? Tumalize ubishi

Mzee wa Temeke
Wakuu, habari za jioni. Jana kijiweni kwenye kahawa ubishi ulitushinda, tukaondoka kila mtu kanuna. Hoja yenyewe: wimbo wa Malaika, ile aliyoirekodi Fadhili William Nairobi mwaka 1960 akiwa na Jambo Boys, na hizo zilizokuja baadaye, ipi ndiyo Malaika? Nazitaja ili tusipotezeane muda. Makeba na Belafonte 1965, Hep Stars wa Sweden 1967, Boney M 1981, Angélique Kidjo 1991. Mimi msimamo wangu ninao. Fadhili unamsikia kabisa kwamba mfukoni hana kitu. Makeba anaimba vizuri mno, na hapo ndipo aliponipoteza, mtu mwenye shida ile hawezi kuwa na pumzi ndefu namna ile. Waliobaki wamekopi tu. Na walioua wimbo kabisa ni hawa wa mahotelini, Masaki hadi Mbezi Beach, wanaowapigia wazungu kila usiku kwa kinanda kinachojipiga chenyewe. Karibuni. Hoja, siyo matusi.

Nyamizi
Makeba, mchana na usiku. Bila yeye huo wimbo ungeishia Mombasa. Ile albamu yao na Belafonte ilichukua Grammy, na pamoja na jina lake kubwa humo ndani wameimba pamoja nyimbo mbili tu, Malaika ikiwa mojawapo. Halafu mzee, tangu lini mwimbaji akalaumiwa kwa kuimba vizuri?

Kinanda Sinza
Mzee wa Temeke, shikamoo. Hicho kinanda kinachojipiga chenyewe ni vidole vyangu.

Nimepiga hotelini, jina naliacha. Mnaanza saa moja jioni mpaka saa tano. Nyuma ya spika meneja amebandika karatasi: Malaika, Jambo Bwana, kisha Malaika tena watu wakifika kwenye matunda. Ukichomekea Marijani Rajabu au Mbaraka Mwinshehe, anakuja anakunong'oneza kwamba wageni hawaijui hiyo. Malipo bahasha, na ukiifungua nauli imeshakatwa, eti gari la hoteli ndilo lililokuleta. Waya wa kipaza sauti umeshikwa na plasta, ukiugusa sauti inakata, kwa hiyo mwimbaji wetu alikuwa anaimba Malaika nzima kiatu kimoja kakibana juu ya waya, hageuki kushoto wala kulia. Wageni wanadhani ndiyo staili. Wewe uko kwenye kahawa na kashata unasema tunaua wimbo. Fadhili alirekodi mara moja akaenda zake nyumbani, sisi tunaurudia mpaka tunauota.

Mzee wa Temeke
Marahaba. Ila usipotoshe watu. Fadhili hakurekodi mara moja. Aliurudia tena 1963, studio ya Equator. Kwanza hata wengi mnaosema mnaijua orijino mnayoisikia redioni ni hiyo ya Equator.

Kinanda Sinza
Kwa maandishi yangu yote yale umeona hilo tu.

Mtu wa Bandari
Hahaha mzee kaokota punje moja kwenye gunia.

Haya, niwasaidie kuchanganyikiwa zaidi. Mnasema "ya Fadhili" kwa uhakika gani? Wimbo huu una wanaoudai zaidi ya mmoja. Yupo Grant Charo, na yupo Adam Salim, Mtanzania mwenzetu, ambaye wanaomtetea wanasema aliutunga miaka ya 40 akiishi Nairobi. Fadhili ndiye aliyewahi studio. Kama ni hivyo basi naye kakopi, na ubishi wenu wote umeanzia katikati ya ngazi.

Jirani wa Voi
Nilijua tu mtafika huko. Kitu kizuri kikitoka Kenya lazima Mtanzania awe ametunga. Mlima Kilimanjaro tumewaachia, na Malaika pia? Fadhili ni Mtaita, alifariki 2001, mwacheni apumzike.

Mtu wa Bandari
Mlima mmetuachia?? Ulikuwa wenu lini? Jirani, wewe unakaa Tabata unakunywa maji ya DAWASA, punguza kidogo.

Jirani wa Voi
Yakitoka nakunywa.

Nyamizi
Jamani hoja ilikuwa ipi imeimbwa vizuri.

Dogo Tegeta
Mi naona wazee mnazingua. Kopi ikiwa kali ni kali. Diamond 2016 kaichukua Maria Salome ya Saida Karoli, akamweka Rayvanny ndani, mtaa mzima ukalipuka. Nani hapa aliwahi kukaa chini akalia kwamba orijino imeuawa? Madogo wengi walimjua Saida kupitia ile. Tofauti na Malaika ni nini? Au kwa sababu Diamond hajafa?

Mzee wa Temeke
Saida aliimba na ngoma za kwao Kagera. Ninyi mmeweka makelele na wasichana.

Dogo Tegeta
Mzee hao wasichana umewaangalia mpaka umewahesabu?

Nyamizi
Dogo, heshima. Ila swali lako ni la maana, watu hawalijibu. Salome ya Diamond haikujifanya ni ile ya Saida. Kachukua kiitikio, kaongeza mashairi yake, kabadilisha mdundo, ukisikia unajua huyu kaingia chumbani kwa mwenzake kahamisha vitanda. Boney M hawakufanya hivyo kwa Malaika. Waliipaka sukari ile ile juu ya maneno yale yale, wakatoka. Na mwaka 1983 wakarudi kwa Jambo Bwana ya Them Mushrooms, iliyotoka 1982, yaani hata haijapoa. Kundi limetengenezwa Ujerumani, mtayarishaji Frank Farian, sisi tunapelekewa salamu zetu wenyewe kwenye kanda na tunazinunua. Kidjo mimi namwelewa zaidi, angalau yeye sauti yake haiombi ruhusa.

Wakili Njiwa
Nyongeza ya kisheria kwa kuwa mmefika kwenye kuchukua. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya 1999, COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, imezaliwa humo. Haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kwa hiyo swali la nani alitunga Malaika siyo la kijiweni, ni la mirabaha. Bendi inayopiga hotelini nayo inahusika, ingawa anayetakiwa kuwa na leseni ni mwenye ukumbi.

Kinanda Sinza
Mirabaha tena. Mimi nadai nauli.

Bi Tausi
Nimewasoma wote kimya kimya, sasa niseme la kwangu. Makeba, Fadhili, Boney M, hainihusu. Kinachoniudhi ni huo wimbo kupigwa HARUSINI. Maharusi wanaingia ukumbini polepole, shela inaburutwa, MC anapaza sauti "simameni tuwapokee", na spika inasema kijana angemuoa ila hana mali! Mbele ya wazazi waliohesabu mahari mpaka shilingi ya mwisho! Hakuna anayesikiliza maneno? Ni wimbo wa mtu aliyekosa mke, jamani. Unaupigaje kwa aliyepata?

Dogo Tegeta
Bi mkubwa umemaliza kazi. Nimecheka peke yangu kwenye daladala watu wananiangalia.

Kinanda Sinza
Bi Tausi, huo hatuuchagui sisi, unachaguliwa na kamati. Siku moja Ubungo nilimwambia mwenyekiti wa kamati maneno hayaendani na shughuli, nimpigie kingine. Akaniuliza nimelipwa kupiga au kushauri. Nikapiga. Baba wa bwana harusi alikuwa anaimba kwa hisia kuliko mwimbaji, nikajua kuna jambo.

Mtu wa Bandari
Lazima awe na hisia, mahari kalipa yeye. Na tukiacha utani, wimbo ule ndiyo ukweli wa vijana wa mji huu. Mahari wanakutajia kama wanauza kiwanja Bunju. Orodha: ng'ombe wanageuzwa fedha, blanketi la bibi, kanzu ya babu, mkaja wa mama, na faini ya kuchelewa kufika kikaoni. Halafu kamati, michango, ukumbi, keki. Fadhili alikuwa analalamikia mwaka 1960, sisi mwaka huu tunalalamikia hayo hayo.

Bi Tausi
Usichanganye mambo. Kwetu Waislamu mahari ni haki ya binti mwenyewe, anaitaja yeye na inaingia mkononi mwake. Hiyo mikaja na mablanketi ni mila zenu, msiisingizie ndoa. Na wala mahari siyo inayowafilisi, linalowafilisi ni sherehe. Mtu kalipa mahari laki tatu, ukumbi milioni tano, anaimba Malaika!

Jirani wa Voi
"Mila zenu" ni za nani hasa, bibi? Sema vizuri.

Bi Tausi
Za yule aliyeguswa.

Wakili Njiwa
Kwa faida ya wasomaji: Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema wazi kwamba ndoa haibatiliki kwa sababu mahari haikutolewa. Yule kijana wa kwenye wimbo angekuwa Tanzania baada ya mwaka huo angeweza kufunga ndoa yake bomani akalala.

Mtu wa Bandari
Wakili, umeoa?

Wakili Njiwa
Hilo halihusiani na hoja.

Dogo Tegeta
😂😂😂 Hajaoa.

Nyamizi
Haya yote yanarudi kwa Makeba hata msipotaka. Sababu ya watu kuupiga harusini ni yeye. Ukisikiliza ya Fadhili huwezi kuiweka ukumbini, shida imejaa mle. Makeba na Belafonte waliufanya uwe wimbo wa wawili wanaopendana, wanapokezana, dunia ikasahau kwamba mmoja hana hela. Kwa hiyo mzee wa Temeke ana haki kwamba uchungu umepungua. Ila bila kupungua huko nani angeuimba Sweden? Mimi bado nasimama na Makeba.

Mzee wa Temeke
Mwanangu Nyamizi, umenikubali halafu ukanikataa kwenye aya moja. Kijiweni wangekunyima kahawa. Na hao waliogeuza mada yangu kuwa ya mablanketi, sijawaalika.

Mtu wa Bandari
Mzee, wewe mahari ya mama ulimaliza?

Mzee wa Temeke
Adabu. Ilibaki kidogo.

Dada Mbagala
Samahani wapendwa, nimeingia nimechelewa na sijasoma yote. Huyu Kinanda Sinza bado anapiga? Nina sendofu ya mdogo wangu Novemba, kamati imechoka na madijei. Mnachukua bei gani watu wanne bila pleibeki?

Kinanda Sinza
Dada, nimekutumia ujumbe pembeni. Kipaza sauti tunakuja nacho wenyewe. Malaika mkitaka ni pembeni ya makubaliano, mnaongeza elfu hamsini, Bi Tausi asiwepo.

Bi Tausi
Kadi yangu ya sendofu hiyo nimeshaipata. Nakuja.