Nimehamia Kigoma, akili haitulii jioni. Naombeni ushauri

MgeniWaZiwa: Habari za jioni wakuu. Kazi imenileta Kigoma, nimepanga chumba Mwanga. Kutwa niko kwenye mahesabu na simu, nikirudi naendelea na simu hiyohiyo kitandani mpaka usingizi unakata. Sinywi, na si mpenzi wa makelele. Zamani nilikuwa nachora, sasa hata penseli sina. Wenyeji, bila gari wala hela nyingi, mtu anatulizaje akili hapa? Na chumba nikifanyeje nitamani kukirudia? Kuta nyeupe tupu.

MwanaKibirizi: Mwakeye! Karibu mwisho wa reli, dada. Panda bajaji ushuke Kibirizi jua likiegemea milima ya Kongo. Wavuvi wa dagaa wanatoka muda huo. Giza likiingia, taa zinawaka moja moja ziwani mpaka utadhani kuna mji mwingine kule. Dagaa hufuata mwanga, kwa hiyo siku za mbalamwezi usihangaike, wengi hawatoki. Mvua ikishapita, milima ya ng'ambo unaiona hadi mikunjo yake. Kiangazi, moshi na ukungu vinaifuta kabisa. Ila nenda na mwenyeji, usikawie peke yako.

KalamuYaRisasi: Kwa kutazama, sawa. Kwa kuchora nakataa. Ziwa lenye kina cha mita kama 1,470 litamkatisha tamaa anayeanza upya! Dada, anza na stesheni. Reli ilifika hapa 1914, na jengo lile la Wajerumani lina matao mazuri sana. Waombe walinzi ruhusa, kaa, chora tao moja tu na kivuli chake. Siku nyingine jingine. Macho yakae kwenye tao kuliko kwenye karatasi, mkono utafuata wenyewe. Daftari la shule linatosha. Ukizoea, nenda Ujiji kwenye miembe, ushughulike na gome tu, majani yaache.

MamaMawese: Mwanangu, pole na kazi. Kuta ziache kwanza, shida ni taa. Zima ile ya juu, weka ya mwanga wa njano chini pembeni, tandika mkeka, mlangoni tundika kitenge unachokipenda. Halafu pika mwenyewe, hata dagaa kidogo tu. Na chupa ya mawese iweke dirishani asubuhi: chini yameganda rangi ya chungwa, juu mekundu yanapitisha jua. Mimi huyatazama hivyo chai ikichemka, na siyachoki.

MgeniWaZiwa: Asanteni sana, mmenigusa. Jumamosi naenda stesheni na daftari. Kitenge ninacho, kumbe kilikuwa kimelala tu sandukuni! Mama, mawese mazuri nitayajuaje sokoni?

MamaMawese: Omba uonje tone. Yakikukwaruza koo, yamekaa sana, hamia kwa muuzaji mwingine. Na huo mchoro wa tao utuwekee hapa tuuone.