Wakuu, namba zinazofuatana zimenikwamisha: napata B, kitabu kinasema E

Kijiti86: Heshima kwenu wakuu. Najiandaa na GMAT, mtihani wa kuombea shahada ya pili ya biashara, na yale maswali ya kuamua kama taarifa ulizopewa zinatosha yananinyima usingizi. Hili hapa: namba zinazofuatana ziko n, jumla yake 15. n ni ngapi? (1) n ni witiri. (2) n inazidi 3. Nimejibu B, yaani (2) peke yake inatosha, maana ni 1+2+3+4+5 basi. Kitabu kinasema E, hata zote mbili hazitoshi. Nani kakosea?

MamaVifaranga: Mdogo wangu, shahada ya pili ya nini? Shemeji yangu anazo mbili, na anafuga kuku kama mimi.

Mzee wa Chaki: Tuache kuku. Mleta uzi, kitabu kimesema namba chanya?

Kijiti86: Kimeandika "namba kamili" tu. Lakini mwalimu, nani anaanza kuhesabia kwenye hasi? Halafu mtihani ni Jumamosi. Sehemu yenye maswali haya ina maswali 20 kwa dakika 45! Haya nimeshaamua nitabahatisha, niokoe muda.

Mzee wa Chaki: Neno ulilotuficha ndilo swali lenyewe. Anza na -6 uishie 8. Kuanzia -6 hadi 6 zote zinafutana, inabaki 7+8. Hizo ni namba 15: witiri, na zaidi ya 3. Kwa hiyo n ni 5 au 15, ndiyo E. Kwa jumla hii, kila kigawo cha 30 (mara mbili ya 15) kinafaa kuwa n: 1, 2, 3, 5, 6, 10, 15, 30.

Tumbili Mjini: Mimi iliniponza sifuri. Nilisahau kwamba ni shufwa.

Fundi Saa: Chai hii. Mtu kalipia mtihani kwa dola halafu hajui hasi?

Kijiti86: Kaka, sijatunga. Hasi nazijua, zinanitoka kichwani saa ikianza kukimbia.

Mzee wa Chaki: Namwamini, nimewaona wengi hivyo. Kijana, usibahatishe. Jumla ileile 15: (1) n ni witiri, (2) walau namba moja ni hasi.

Kijiti86: C, zote mbili kwa pamoja. Zenye hasi ni 10, 15 na 30, na witiri ni 15 tu. Ile ya 6 inaanzia sifuri, nusura niihesabu.