Damon na Phintias: siku tatu au saa chache?

Wakuu, naandaa somo kuhusu Damon na Phintias, wale marafiki wa Syracuse, mji wa Wagiriki kisiwani Sicily: mmoja alihukumiwa kifo, mwingine akabaki mdhamini wake ili aende kumaliza mambo yake. Wengine wanasimulia kwamba Phintias alipewa siku tatu akamwoze dada yake, wengine kwamba alirudi jua likizama siku ileile. Lipi la zamani zaidi? Na ni Pythias au Phintias?

Jibu la 1
La siku moja. Limetoka kwa Aristoxenus, mwandishi wa Kigiriki, aliyelisikia kwa Dionysius wa Pili mwenyewe, mtawala wa Syracuse, alipokuwa ameshapoteza utawala na kuishi Korintho. Phintias alisingiziwa njama, akahukumiwa kifo, akaomba saa zilizobaki aweke sawa mambo yake na ya Damon, maana waliishi kwa mali ya pamoja. Damon akabaki mdhamini: rafiki asiporudi, anakufa yeye. Na kesi yote ilikuwa mtego! Marafiki hao walikuwa wafuasi wa mwanafalsafa Pythagoras, na watu wa ikulu walitaka kuonyesha kwamba uaminifu wa wafuasi hao ni maneno matupu.

Jibu la 2
Siku tatu, harusi na mto uliofurika ni vya Hyginus, mwandishi wa Kilatini, na kwake marafiki ni Moerus na Selinuntius. Mshairi Mjerumani Schiller alimfuata katika shairi lake la 1798, ndiyo maana toleo hilo limeenea. Usiyachanganye darasani. Jina ni Phintias. Pythias ni umbo lililoharibika.

Jibu la 3
Mwisho pia unatofautiana. Dionysius aliomba awe rafiki wa tatu. Cicero, mwandishi wa Kirumi, anaishia kwenye ombi. Kwa Aristoxenus, aliwasihi sana na bado walikataa.