Mjadala: Bima ya Matunzo ya Wazee, Nani Atalimudu Ongezeko la Bei?

Hoja, kutoka Wete

Asalaam aleikum. Wako wenzetu wanaopendekeza kwamba kampuni ziuze hapa Zanzibar bima ya matunzo ya muda mrefu, yaani mtu achangie kila mwezi angali na nguvu zake, ili siku atakapokuwa hawezi kuoga, kuvaa wala kula bila ya msaada, bima imlipie wa kumhudumia. Mimi napinga, na sababu yangu ni bei.

Sisemi kwamba matunzo ni bure. Mama yetu alilala kitandani miaka minne baada ya kupooza upande mmoja, na kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, ilikuwa lazima ageuzwe ubavu ili asipate vidonda vya mgongo. Aliyemgeuza ni dada yangu, ambaye kwa ajili hiyo aliacha biashara yake ya mikate ya kusukuma na hakuirejea tena. Pensheni jamii, iliyoanza mwaka 2016 kwa shilingi 20,000 na baadaye ikafikishwa 50,000 kwa mwezi kwa waliotimiza miaka 70, ni jambo la kushukuriwa, lakini nyumbani kwetu iliishia kwenye pampasi kabla ya mwezi kufika nusu. Mfuko wa Huduma za Afya nao umewekwa kwa ajili ya matibabu, na kumgeuza mgonjwa hakuna anayekuandikia risiti.

Ila bima ya namna hii ni ahadi ya miaka 20 au 30. Marekani kampuni zilikadiria kwamba wateja wengi wangeacha kuchangia kabla ya kudai chochote, nao hawakuacha. Wakaishi zaidi, wakauguzwa muda mrefu zaidi, na huku faida ya fedha zilizowekezwa ikashuka. Kampuni zikaomba ruhusa ya kupandisha michango ya mikataba ya zamani, na mzee akaletewa barua ya kuchagua: aongeze mchango, apunguziwe mafao, au ajitoe baada ya kulipa miaka yote hiyo. Moja kati ya hizo, Penn Treaty, mahakama iliamuru ifilisiwe mwaka 2017. Mvuvi wa Mkoani, ambaye kipato chake hufuata bamvua na maji mafu, barua kama hiyo ataijibu nini?

Jibu, kutoka Mwanakwerekwe

Dada yangu, pole kwa mtihani wa mama. Hoja ya bei naikubali, lakini umeihukumu bima kwa sura yake moja, ile ya biashara. Ujerumani ilianzisha mwaka 1995 mchango wa lazima, kwa asilimia 1 ya mshahara, na Japani mwaka 2000 ikawatoza wote kuanzia umri wa miaka 40, huku nusu ya gharama ikibebwa na kodi. Mzigo ukibebwa na wote, vijana kwa wazee, hakuna anayebaki peke yake na barua yake mkononi. Wanaohofia gharar, yaani mashaka katika mkataba yanayokatazwa na sheria ya Kiislamu, katika bima ya kawaida nao wanaweza kutulizwa kwa utaratibu wa takafuli, bima ya Kiislamu, ambao mchango wake hutolewa kwa nia ya kusaidiana.

Tena kutoka Wete

Ahsante, kaka yangu. Habari ya takafuli naiachia masheikh. Ila hiyo asilimia 1 ya Ujerumani ilifika 3.6 mwaka 2025, na Japani mchango wa wastani wa mwezi kwa wenye miaka 65 na zaidi umetoka yeni 2,911 hadi 6,225. Bima ya lazima nayo hupanda, ingawa nakiri kwamba hupandishwa kwa sheria na mbele ya macho ya watu. Tena kwa wenzetu mchango wa wafanyakazi hukatwa kwenye mshahara. Mkulima wa mwani utamkatia wapi?

Kuna jambo moja la Ujerumani ambalo hukulitaja, nalo ndilo lingenibadilisha msimamo: mgonjwa anayeuguzwa na jamaa zake nyumbani hupewa fedha za matunzo, na jamaa huyo akitimiza masharti huchangiwa pensheni yake ya uzeeni. Basi niambie, katika mpango wako, dada yangu angeandikwa wapi: kwenye orodha ya wanaotozwa, au ya wanaolipwa?